Mwanafunzi wa Fildi ni Mgeni wa Usharika

Hotuba ya mratibu wa miradi ya dayosisi kwa kamati za maendeleo za sharika na wageni, Mpanda. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida.



Nimeombwa nizungumzie jambo linalojitokeza mara kwa mara katika barua za sharika zetu, nalo ni wanafunzi wa vyuo wanaoomba kuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo, yale ambayo sote tunayaita fildi. Sharika nyingine zinauliza, tuwape kazi gani? Nyingine zinauliza kwa nini haziletewi hata mmoja. Nao wafadhili wanauliza swali lenye uzito zaidi: fedha inayotumika kwa kijana wa chuo inamsaidiaje mama wa Kakese anayechota maji mtoni? Wana haki ya kuuliza, na nitajitahidi nijibu hilo kwanza.

Fildi si jambo jipya. Kitivo cha Uhandisi kilipofunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, mafunzo ya kazini yalikuwa sehemu ya masomo. Leo mwanafunzi wa uhandisi, wa mazingira au wa mipango miji hutoka chuoni kwa wiki nane hivi, akiwa na barua ya utambulisho na daftari la kumbukumbu za kila siku. Shida ni mahali pa kwenda. Wengi hubanana Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza, wakizunguka na bahasha maofisini. Anayepata nafasi huweza kumaliza wiki zote nane akipiga fotokopi na kupeleka mafaili. Daftari lake linajazwa, linapigwa muhuri, naye anarudi chuoni bila kushika kipimo hata siku moja.

Wakati huohuo mkoa wetu una kazi tele. Katavi ilianzishwa rasmi mwaka 2012 kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Ndani ya miaka kumi idadi imezidi mara mbili, na hao wote wanahitaji maji, vyoo, viwanja na mahali pa mvua kupita. Wahandisi wa halmashauri, wa RUWASA na wa TARURA tunawafahamu, wanajituma, lakini eneo ni kubwa na wao ni wachache.

Sasa nirudi kwa mama wa Kakese. Mto Katuma unapita kwenye mashamba ya mpunga, unafika Sitalike, unaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi na kuendelea kuelekea Ziwa Rukwa. Kila kiangazi tunasikia malalamiko yaleyale. Wa chini wanasema wa juu wamefunga maji, wa juu wanasema mvua zilikuwa haba, na hifadhini viboko wanarundikana kwenye madimbwi ya tope. Kila mmoja ana maneno, ila ni nadra mtu kuja kikaoni na namba.

Namba hiyo mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuipata kwa kamba, rula ndefu, saa na chungwa. Naam, chungwa! Linaelea likiwa limezama karibu lote, hivyo upepo hausukumi kama unavyosukuma chupa tupu. Anapima mita kumi za mto ulionyooka, anatupa chungwa, anahesabu sekunde. Tuseme limetumia sekunde 25. Mwendo ni mita 0.4 kwa sekunde, na kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, anapunguza kwa kuzidisha na 0.85, anapata 0.34. Kama mto una upana wa mita 4 na kina cha wastani cha sentimita 30, maji yanayopita ni lita 408 hivi kila sekunde. Akirudia hivyo kila juma, juu ya banio la mfereji na chini yake, baada ya wiki nane kamati ya watumia maji ina karatasi ya kuweka mezani. Ugomvi hautaisha kwa karatasi hiyo, lakini watu watakuwa wanabishana juu ya kitu kinachoonekana. Nayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, inahitaji mtu wa kwenda na futi kamba kuonyesha mita 60 zinaishia kwenye shamba la nani. Hiyo nayo ni kazi ya fildi, tena inahitaji busara, kwa sababu wenye mashamba hayo ni majirani zetu, wengine wazee wetu wa kanisa.

Kwa upande wa mji nitasema kwa kifupi. Mpanda ilikua kwa sababu ya reli kutoka Kaliua, iliyojengwa kwa ajili ya machimbo ya risasi ya Mukwamba. Machimbo yalifungwa, watu wakaendelea kuja. Sharika kadhaa zina viwanja walivyopewa kwa mdomo na wazee ambao sasa ni marehemu. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi anaweza kuchora ramani ya mtaa, njia za maji na mipaka inayokubaliwa na majirani, kisha ikapelekwa kwa afisa mipango miji. Wazee hapa wanaikumbuka TCRS, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Katumba na Mishamo zilipofunguliwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi miaka ya 1970, zilihitaji wapimaji, mafundi wa maji na wajenzi wa barabara. Wengi wa wakazi wale wameshapewa uraia, wajukuu wao wako sekondari, na mahitaji yale bado yapo.

Ndugu zangu, hapa naomba tuelewane vizuri. Mwanafunzi si mhandisi wa bei nafuu. Kuna usharika uliotaka kijana wa mwaka wa pili achore paa la kanisa, mafundi wakaanza kuulizia mbao kabla hajamaliza. Nilikataa, na sharika nyingine zikileta ombi kama hilo nitakataa tena. Paa likianguka siku ya Jumapili hatutamuuliza mtoto wa watu. Mchoro wa mwanafunzi ni mazoezi mpaka mtaalamu aliyesajiliwa na bodi yake aupitie na kuusaini, na gharama ya mtaalamu huyo iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Wafadhili wetu, hiki ndicho kifungu kinachokatwa kila mara andiko la mradi linapopunguzwa. Nawasihi kisikatwe. Afadhali wanafunzi wawili wenye msimamizi kuliko sita wanaozurura.

Jambo jingine linaniuma. Ripoti za fildi zinaandikwa, zinasahihishwa, zinapewa alama, kisha zinakaa kabatini chuoni. Usharika uliompikia mwanafunzi ugali kwa wiki nane haujawahi kuona hata jalada. Kwa hiyo tunapendekeza sharti moja: kabla ya kuondoka, mwanafunzi asome matokeo yake mbele ya kamati kwa Kiswahili cha kawaida, na nakala ibaki kwenye kabati la usharika. Asipoweza kuwaeleza wazee alichopima, basi hata yeye hajakielewa.

Upande wetu ni malazi na chakula. Bodi ya Mikopo huwapa baadhi yao posho ya mafunzo, lakini si kila mwanafunzi ana mkopo, na nauli ya kuja huku si ndogo. Binti akija apangiwe familia inayoheshimika, yenye mama nyumbani. Asiwekwe gesti, na asisindikizwe kazini na mwanamume mmoja peke yake. Hili halina mjadala. Wala tusitazame Dar es Salaam tu. SUA ina Kampasi ya Mizengo Pinda humuhumu mkoani, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya si mbali sana.

Kwa marafiki kutoka nje: tunajua mna vijana wenu wanaopenda kuja kujifunza, kama wale wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliofika Iringa kwa usanifu wa maji ya vijijini. Karibuni. Ila tunaomba kila mgeni afanye kazi na Mtanzania wa fani hiyohiyo, wenye daftari moja na posho ya chakula iliyo sawa. Mgeni ataondoka na uzoefu, na mwenzake atabaki na namba za simu za mafundi wetu.

La mwisho ni la kamati, nalo halihitaji mfadhili. Wanafunzi huja likizo ya Julai hadi Septemba. Wakati huo mto uko chini kabisa, mitaro ni mikavu na vumbi limefunika kila kitu. Mafuriko hawayaoni. Wakiuliza maji yalifika wapi, kila mtu anaonyesha kwa mkono, mmoja gotini, mwingine kiunoni. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja, kila kamati imteue mtu wa kuweka alama ya rangi na tarehe kwenye ukuta wa shule, nguzo ya daraja au mti mkubwa, mahali maji yalipofikia. Kijana wa Julai atazipima. Rangi nyekundu na brashi zipo ofisini kwangu, kopo moja kwa kila usharika, mchukue leo kabla hamjapanda magari.