MAWE YA BEI NDOGO NA MAJI YENYE SUMU

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya sayansi na maendeleo. Nimechagua jambo moja: jinsi mawe, udongo na hata kutu vinavyoweza kuondoa metali zenye sumu katika maji. Nitaeleza pia mahali ambapo kazi hiyo huachwa nusu, maana hapo ndipo penye hatari.

Kwanza tumjue adui. Vijidudu vya kipindupindu hufa maji yakichemshwa. Risasi, kadimi na aseniki hazifi, kwa kuwa hazina uhai. Ukichemsha maji yenye risasi, maji hupungua kwa mvuke na risasi hubaki sufuriani, tena kwa wingi zaidi katika kila lita. Mara nyingi maji hayo ni maangavu na hayana harufu. Mama anayeteka maji hawezi kuitambua sumu hiyo kwa macho.

Fundisho kubwa limetoka Bangladesh. Kuanzia miaka ya 1970 serikali ya nchi hiyo, ikisaidiwa na UNICEF, ilichimba visima vingi vya pampu ili watu waache maji ya madimbwi yaliyokuwa yakiua watoto kwa kuhara. Nia ilikuwa njema. Lakini vipimo vya wakati ule havikutafuta aseniki, nayo ilikuwamo ardhini kwa asili. Iligunduliwa visimani mwaka 1993. Mwaka 2000 jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha makadirio kwamba watu kati ya milioni 35 na milioni 77 walikuwa hatarini, katika taifa la watu milioni 125. Sumu hii hufanya kazi polepole. Baada ya miaka mingi ngozi huota madoa na sugu, na wengine hupata saratani. Wanakemia huiita aseniki nusu-metali, lakini kwa ubaya wake huhesabiwa pamoja na metali nzito.

Dawa moja ilitokana na vitu vya kawaida kabisa. Abul Hussam, mwanakemia mzaliwa wa Bangladesh aliyekuwa akifundisha chuo kikuu huko Marekani, alitengeneza chujio la ndoo mbili. Ndani yake mna mchanga wa mtoni, mabaki ya chuma yaliyotayarishwa, mkaa wa kuni na vipande vya matofali. Mwaka 2007 chujio hilo lilipewa tuzo ya dola milioni 1 huko Marekani. Kazi yenyewe hufanywa na kutu. Chuma kikipata maji na hewa hushika kutu, na aseniki hunata juu ya uso wa kutu ile. Maji hupita, sumu hubaki.

Ziko njia nyingine. Maji ya migodini mara nyingi huwa na tindikali, kwa sababu mawe yenye salfa yakikutana na hewa na maji huizalisha, nayo huyeyusha shaba, zinki na kadimi. Ukitia chokaa, tindikali hupungua nguvu, na sehemu kubwa ya metali hizo huganda na kutuama chini kama tope. Kadhalika, mawe yaitwayo zeolaiti, yatokanayo na majivu ya volkano, hushika ioni za metali na kuachia sodiamu badala yake. Msidhani hii ni sayansi ya maskini tu. Sellafield, Uingereza, tangu mwaka 1985 wametumia zeolaiti iliyochimbwa California kuondoa metali zenye mionzi katika maji ya kiwanda cha nyuklia.

Sasa nifike kwenye shabaha yangu. Katika njia zote hizi metali haiangamii, bali huhama. Ilikuwa katika maji, sasa imo katika kutu, katika tope la chokaa au katika zeolaiti. Kule Sellafield zeolaiti iliyokwisha kutumika hutunzwa kama taka ya nyuklia. Je, sisi tope letu tutalitupa wapi? Likimwagwa mtoni, au shimoni karibu na kisima, mvua yenye tindikali au maji ya mgodi yanaweza kuirudisha sumu majini. Tena kila jiwe lina kiasi chake. Kutu ikijaa haishiki tena, na maji yenye fosfeti nyingi huijaza mapema zaidi. Mawe ya chokaa nayo huweza kufunikwa na gamba la kutu yakaacha kufanya kazi, huku kwa macho yakionekana mazima.

Jambo hili si la Bangladesh peke yake. Dhahabu aghalabu hufuatana na mawe yenye aseniki, na katika ukanda wa dhahabu kusini mwa Ziwa Viktoria aseniki imepimwa ikaonekana majini. Mali ghafi tunazo: mawe ya chokaa Tanga, udongo mweupe wa Pugu, mawe ya fosfeti Minjingu. Fosfeti ina sifa ya kuishika risasi na kuigeuza jiwe gumu kuyeyuka. Lakini mawe hayo ya Minjingu yenyewe yana urani kuliko kawaida. Kwa hiyo hata dawa yapasa ipimwe kabla ya kutiwa katika maji ya kunywa.

Mimi ni mtumishi wa serikali, na najua mradi wa maji hupendeza siku ya kuzinduliwa. Mtu akinijia na chujio la bei ndogo, humwuliza maswali matatu. Litasafisha lita ngapi kabla ya kuchoka? Nani atapima maji baada ya mwaka mmoja, na kwa fedha ipi? Mabaki yatazikwa wapi? Asiyeweza kujibu la tatu hajakamilisha hesabu yake, kwa kuwa gharama aliyoipunguza ndooni ameihamishia kwa jirani anayeishi chini ya mto.

Vijana, kemia mnayojifunza hapa si ya mtihani tu. Tindikali na besi, uyeyukaji, ioni: ndiyo masomo hayo hayo. Taifa linahitaji mafundi wa maabara watakaoipima ndoo ile mwaka wa pili na wa tatu, hata kama hakuna wageni wala wapiga picha. Kazi hiyo haina sifa nyingi, lakini maisha ya watu yanaitegemea.