Hotuba ya Mwenyekiti: Joto la Usiku Lisitufanye Tuache Dawa



Kwanza namshukuru Mungu kwa kutufikisha miaka kumi. Habari za hisa na mikopo atazisoma mhazini. Mimi leo nataka kusema jambo ambalo sisi wanawake huwa tunalisemea jikoni.

Mwenzetu mmoja, ambaye ameniruhusu nisimulie bila kumtaja jina, aliugua saratani ya titi. Akapasuliwa, na mfuko wetu wa jamii ukamlipia nauli za kwenda Moshi. Baadaye akapewa vidonge vya tamoksifeni, ameze kila siku. Dawa hii huzuia homoni ya kike isiilishe saratani. Humezwa miaka mitano, wengine hata kumi, sawa na umri wa kikundi chetu.

Lakini dawa hiyo ikamletea joto la ghafla. Mnaijua baridi ya Karatu mwezi wa saba, ukungu umeshuka kutoka Ngorongoro, kila mtu na mablanketi mawili. Yeye anaamka kaloa jasho, anafungua dirisha, mume anatetemeka. Akatuambia, "Nalala Karatu, joto la Mang'ola!" Tulicheka sana. Kumbe alikuwa ameacha vidonge mwezi mzima, hakumwambia mtu. Hapo kicheko kikaisha.

Akina mama, kuacha dawa hiyo ni kuifungulia saratani mlango. Tena jirani alishamshauri anunue vidonge vya homoni. Hiyo nayo ni hatari. Kule Sweden walijaribu kuwapa homoni wanawake waliotibiwa saratani ya titi. Mwaka 2003 jaribio likasimamishwa, kwa kuwa saratani iliwarudia zaidi waliopewa kuliko wasiopewa.

Tukamsindikiza kwa daktari, watu wawili. Kumbe dawa zisizo na homoni zipo! Ipo venlafaksini, inayotumika kwa ugonjwa wa huzuni, na gabapentini, inayotumika kwa kifafa. Zote mbili hupunguza joto hilo. Ila tusijinunulie dukani, maana baadhi ya dawa za huzuni, kama paroksetini na fluoksetini, huweza kuipunguzia tamoksifeni nguvu. Na miti shamba pia, tumwambie daktari kwanza.

Mwenzetu alipewa gabapentini, anameza usiku. Joto halijaisha lote, lakini sasa analala. Nyumbani anavaa kanga nyepesi ndani na sweta juu, avue upesi likimpanda. Maji ya baridi yako karibu na kitanda. Pilipili na chai ya moto amepunguza, kwa sababu aliona zinamchokoza.

Ndugu zangu, kila mkutano tunaulizana, "Umenunua hisa?" Kuanzia leo tuulizane pia, "Umemeza dawa?" Na atakayegusa uvimbe kwenye titi asingoje siku ya mkutano, aje nyumbani kwangu hata usiku, tutakwenda naye hospitali.

Mwenzetu huyo yuko hapa leo, amekaa kati yenu, na vidonge vyake anavimeza.

Akina mama hoyee!