Changarawe za Tangi la Samaki: Yapasayo Kuulizwa Kabla ya Kununua

Mazungumzo na wakazi wa Mbweni, Manispaa ya Kinondoni



Mmetuomba tuzungumzie ufugaji wa samaki wa mapambo majumbani, nasi tumeonelea tuanze na kitu ambacho mnunuzi hukifikiria mwisho, yaani changarawe zinazotandazwa chini ya tangi. Tumeonelea hivyo kwa sababu hapo ndipo sisi wenyewe tulipoteleza.

Tuliwahi kuweka tangi la kioo katika chumba cha mapokezi ofisini kwetu. Tulichagua changarawe nyeupe kwa kuwa zilipendeza macho, tukazisuuza, tukatia wale samaki wadogo wenye mstari wa buluu unaong'aa, ambao asili yao ni maji laini ya bonde la mto Amazon. Maji yalikuwa maangavu kabisa. Kabla ya wiki tatu kwisha samaki wote walikuwa wamekufa, nasi tukamlaumu aliyetuuzia samaki. Baadaye mwenzetu mmoja alidondosha siki juu ya kijiwe kimoja cha tangi lile, kikatoa povu.

Povu lile lilikuwa na maana yake. Matumbawe, makombe na mawe ya chokaa yote yana kalsiamu kaboneti, ambayo hutoa gesi ikikutana na asidi. Ndani ya tangi huyeyuka kidogo kidogo, ikaongeza ugumu wa maji na kupandisha kipimo cha pH. Kupanda kutoka 7 hadi 8 huonekana jambo dogo. Lakini uchafu wa samaki hutoa amonia, na kwa kupanda huko sehemu ya amonia iliyo sumu kali huongezeka karibu mara kumi. Tangi jipya, ambalo bado halijajenga bakteria wa kutosha wa kuiondoa amonia hiyo, ndilo hudhurika kwanza. Samaki waliozoea maji laini huteseka maradufu.

Jambo hili linatuhusu sisi wa pwani kuliko ndugu zetu wa bara, kwa maana tumekalia matumbawe ya kale. Kiwanda cha saruji cha Wazo kipo pale kilipo kwa ajili ya mawe ya chokaa. Kokoto zinazopondwa Kunduchi ni za jamii hiyo hiyo, na mchanga wa ufukwe wetu umejaa vipande vya makombe. Hivyo kilicho karibu na chenye bei nafuu mara nyingi ndicho chenye chokaa. Mchanga wa ufukweni, pamoja na chumvi yake, tunaomba uachwe ulipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka baharini, na wazee waliopo hapa wanakumbuka jinsi bahari ilivyoula ufukwe wa Kunduchi. Watafiti walitaja uchotaji wa mchanga katika mito inayomwaga maji huko kuwa miongoni mwa sababu.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuiita chokaa sumu. Mbuna, samaki wa kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, na jamaa zao wa Ziwa Tanganyika wamezoea maji magumu. Maji ya Tanganyika hukaribia pH 9. Changarawe ya matumbawe iliyosafishwa vizuri inawafaa hao. Kwa sababu hiyo, muuzaji anayesema changarawe zake ni salama kwa samaki wote hajatuambia kitu. Mwulize ni salama kwa samaki gani, na katika maji yapi. Akikosa jibu, omba vijiwe vichache ukajaribu nyumbani.

Jaribio ni rahisi. Pasua kijiwe kikavu, dondoshea siki, kisha subiri dakika chache, maana siki ni asidi dhaifu na povu huweza kuchelewa. Usipoona kitu, usitangaze ushindi bado. Jaza ndoo mbili kwa maji ya chanzo kimoja, yawe ya DAWASA au ya kisima, utie changarawe katika moja tu. Baada ya wiki moja pima zote mbili kwa karatasi za pH. Tofauti utakayoiona imeletwa na mawe.

Changarawe za rangi zinahitaji mashaka zaidi. Ziloweke kwa siku mbili katika ndoo nyeupe, kisha uzisugue kwa kitambaa cheupe. Rangi ikitoka, au ikibanduka kama ganda, zisiingie kwenye tangi. Kokoto za ujenzi nazo huweza kuwa na saruji au mafuta ya mitambo, na kingo zake kali hukwaruza midomo na sharubu za samaki wanaopekua chini, kama kambale. Punje laini za milimita 2 hadi 5 zinatosha. Osha kwa maji matupu mpaka maji yatoke safi. Sabuni isiguse kabisa. Wala usichemshe mawe, kwani unyevu ulionaswa ndani huweza kuyapasua.

Kuhusu kiasi, wauzaji wengine hupenda kuongeza mfuko. Tangi lenye kitako cha sentimita 60 kwa 30, likitandazwa kina cha sentimita 4, linahitaji lita 7 hivi za changarawe, yaani kama kilo 11. Kina kikizidi sana uchafu hunaswa chini, ukaoza pasipo hewa.

Dai risiti, na uweke akiba ya changarawe ulizonunua katika mfuko uliofungwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, lakini lalamiko lisilo na risiti wala sampuli ni gumu kulifuatilia. Mrudie muuzaji kwanza. Asipokusikiliza, lifikishe Tume ya Ushindani.

Tumekuja na chupa ya siki, nyundo na ndoo nyeupe. Walioleta changarawe zao wasogee mezani.