Gari Letu Limechoka: Tulitengeneze Tena au Tulibadilishe?

Mazungumzo ya kamati ya huduma kwa wanachama, yaliyotolewa katika bustani ya Mama Ngina, Mombasa

 

Tumewaita hapa Mama Ngina, chini ya mibuyu, kwa sababu ukumbi unapakwa rangi, na pia ili jambo tutakalolizungumza mlione kwa macho. Mtu akikaa hapa na mihogo yake ya pilipili na ndimu, hakosi kuona siku moja meli ndefu ya mraba ikipita mlango wa Likoni kuingia Kilindini, kama jumba lisilo na madirisha. Watoto huuliza ile ni meli gani. Ile ni meli ya magari. Mengi ya yaliyomo ndani yamekwisha tumika Japani. Mengine yatabaki kwetu na mengine yatapanda hadi Kampala.

Sasa geukeni upande wa feri. Lile pale ni Peugeot letu, pikapu 504 la mwaka 1992. Tumeliegesha kwenye mteremko, na nyote mwajua kwa nini. Stata imekufa tena.

Tusianze kwa kulitukana. Gari lile liliunganishwa hapa hapa Mombasa kwa mikono ya watu wetu, na magari ya aina ya 504 yalishinda mbio za Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Limebeba mahindi ya wajane, viti vya harusi, na majeneza ambayo hatutaki kuyahesabu. Dereva wetu amekaa nalo miaka kumi na sita, na tulipomwambia habari ya mkutano huu alinyamaza kimya, akaenda kulifuta vumbi. Basi wakati tunasema, tumkumbuke na yeye.

Lakini ilikuja ile Jumanne ya mwezi wa Mei. Mnajua kwamba tunao wazee wawili kule Likoni ambao husafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki hapa kisiwani. Siku ile tulivuka salama, feri ikatia nanga, magari ya mbele yakatoka. Letu likazima pale pale kwenye mteremko wa kupanda. Nyuma malori yanapiga honi, watu wa miguu wanapita pembeni, mvua inanyesha. Vijana wa mkokoteni wakatusaidia kusukuma. Mzee mmoja alikuwa ndani, amefunga macho. Akatuambia, "Wanangu, msijisumbue sana, hata leo nikikosa, Alhamisi nitaenda." Tukamtafutia tuktuk. Alifika amechelewa saa mbili na nusu na ilibidi angoje hadi jioni. Mgonjwa wa namna ile hawezi kuambiwa "Alhamisi". Maji humjaa mwilini, pumzi ikabana. (Wengine wenu mtauliza kwa nini hatupiti Dongo Kundu sasa barabara ipo. Ni mzunguko mrefu mno kwa mtu wa Likoni anayekuja mjini, na petroli ni petroli.)

Baada ya siku ile kamati ilikaa, na mama mweka hazina akatoa daftari. Hapo ndipo tulipoona aibu yetu wenyewe.

Katika miezi kumi na miwili, Januari hadi Desemba, Peugeot limekula shilingi 214,300 kwa matengenezo peke yake, petroli na bima hazimo. Mkisikia hivyo mtafikiri injini ilifunguliwa mara tatu. La. Mambo makubwa yalikuwa manne tu: redieta 14,500, klachi 22,000, kuchomelea sakafu iliyooza 18,000, na gasketi ya kichwa pamoja na kazi yake 31,000. Jumla 85,500. Zile 128,800 zilizobaki zilitoka kidogo kidogo. Mia tano ya plagi. Elfu mbili za kabureta. Elfu moja na mia tatu za mpira wa maji. Nauli ya fundi, soda ya fundi, waya, gundi. Kila mara mtu alikuja kwa mweka hazina akisema, "Mama, ni elfu mbili tu, leo litapona." Na kweli lilipona, siku tisa.

Hatukuibiwa, mtuelewe. Risiti ziko, na fundi ni mtu mwaminifu wa kanisa hili. Kosa lilikuwa letu: pesa za namna hii hazipigiwi kura. Mkitaka kutoa laki mbili kwa mara moja mtaitisha mkutano, mtabishana, mtaomba, mtaahirisha. Lakini elfu mbili hutoka mlangoni bila hodi. Ndivyo tulivyokuwa tukinunua gari nusu nusu bila kupata gari.

Tena kuna safu nyingine katika daftari, ile ambayo kijana wetu wa sekondari aliichora kwa penseli. Siku ambazo gari halikutoka: 71. Ni karibu siku moja katika kila tano. Siku hizo tulikodi tuktuk na teksi kwa shilingi 46,000. Zikijumlishwa na yale matengenezo zinakuwa 260,300. Na hapo hatujahesabu unga uliocheleweshwa, wala yule mama wa Majengo aliyetungoja barazani hadi adhuhuri, kisha akaenda kliniki kwa miguu.

Fundi mwenyewe tulimwuliza kwa heshima, atuambie kama kwamba gari ni lake. Alisema injini bado ina nguvu. Kinacholimaliza ni chumvi. Sisi tunakaa na bahari pande zote. Kusi likivuma upepo huleta rasharasha hadi barabarani, na gari linalolala nje hapa kwetu huliwa na kutu kutoka chini, mahali usipoona. Sakafu aliyoichomelea mwaka jana imeshika kwenye bati ambalo nalo limeoza. Akasema, "Naweza kulichomelea tena, lakini nitakuwa nashona kiraka juu ya kiraka." Akaongeza kwamba breki hawezi kuzitia saini. Kwetu sisi neno hilo la breki lilitosha.

Basi tununue gani? Hapa maneno yalikuwa mengi, na mengine tutayasema wazi ili yasisemwe kichochoroni. Kuna waliopendekeza gari kubwa la hadhi, "hata askofu akija apandwe na furaha." Askofu atapanda tulicho nacho. Wengi katika kamati wamekubaliana na Toyota Probox. Tunajua, mtacheka, mtasema ni gari la miraa. Lakini wale wa miraa hawalichagui kwa mapenzi. Wanalichagua kwa sababu linabeba, halichagui barabara, na spea zake zinapatikana kila duka. Kiti cha nyuma kikilazwa, magunia yanaingia. Kikiinuliwa, wagonjwa wawili na mwuguzi wanakaa vizuri, tena wanaingia bila kupandishwa juu kama kwenye pikapu.

Baadhi ya ndugu walitaka tuagize moja kwa moja kutoka Japani. Tulifanya hesabu. Hapa Kenya gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliruhusiwi kuingizwa, kwa hivyo huwezi kuagiza lile kuukuu la bei rahisi. Halafu kodi hupandiana mabegani. Chukueni gari dogo lisilozidi sisi 1500, ambalo forodha imelithamini kwa shilingi 100. Kwa viwango vya miaka hii ya karibuni, ushuru wa forodha ni 35, mmefika 135. Juu ya hizo 135 kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, mmefika 162. Juu ya hizo 162 kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na sasa mko karibu na 188, na kuna ada nyingine ndogo ndogo za kuingiza. Tena thamani yenyewe haitokani na risiti yako ya Japani. Wanaanza na bei ya gari jipya iliyo katika orodha yao, kisha wanapunguza kwa umri. Yadi moja hapa kisiwani ilitutajia 1,350,000 kwa Probox lililotoka melini.

Sisi tunazo 640,000 benki, za harambee na za chakula cha mchana cha Jumapili. Peugeot likiuzwa tunatarajia 180,000, kwa kuwa injini yake ina mnunuzi. Jumla 820,000. Upungufu ni zaidi ya nusu milioni. Kuna aliyesema tukope kwa kuweka logibuku rehani. Kamati imekataa, na tunaomba mkutano huu nao ukatae. Gari la wagonjwa likichukuliwa barabarani na watu wa deni, nani atakwenda kumweleza yule mzee wa Likoni?

Kwa hiyo tunapendekeza gari lililokwisha tumika hapa nchini, lisilozidi shilingi 700,000. Msiulize kwa nini si 820,000. Gari la kununua mitumba lina mambo yake wiki ya kwanza: oili zote, mikanda, tairi mbili au nne, bushi za chini, betri. Hizo 120,000 zitakaa pembeni kwa kazi hiyo. Mtu akinunua kwa shilingi ya mwisho, gari humlalia uani likingojea tairi.

Katika kulitafuta tumejifunza mambo ambayo yatawafaa hata ninyi majumbani. Kilomita za dashibodi zisiwatie furaha, maana hurudishwa nyuma. Ukaguzi wa serikali kule Japani huandikwa pamoja na kilomita, na Probox la mizigo, baada ya miaka miwili ya kwanza, hukaguliwa kila mwaka. Hati ya kusafirishia nje huwa na kilomita hizo. Mwulizeni muuzaji hati hiyo hata kama gari lina miaka sita hapa. Mwenye kuitunza ametunza na mengine. Kama lilipita mnadani, kuna karatasi ya mnada yenye alama. Alama ya 4 ni gari zuri, na herufi R ina maana liligongwa likatengenezwa. Halafu inueni mkeka wa chini mnuse. Gari lililofurika maji harufu yake haiishi kwa manukato, na mchanga hubaki kwenye reli za viti.

Tulipata moja Nyali, jeupe, zuri, muuzaji mwungwana, tena anataja Maandiko. Tukamwomba namba ya usajili tuitafute katika mfumo wa NTSA. Akasema hakuna haja, twaaminiana. Tukaitafuta. Mwenye gari alikuwa mtu mwingine pamoja na benki, yaani deni lilikuwa halijaisha. Tulipompigia simu alisema mtandao una makosa. Tukamtakia siku njema.

Lingine tumeliona Tudor, la mwalimu anayestaafu. Si jeupe, ni la kijivu, na mlango wa nyuma una mkwaruzo. Lakini hati zipo tangu melini, fundi wetu amelala chini yake nusu saa, akatoka na kusema kutu ni ya juu juu tu. Anataka 710,000. Tunaamini zile elfu kumi zitaanguka.

Mambo mawili bado yanahitaji kura yenu. La kwanza ni jina. Gari hili liandikwe kwa jina la wadhamini wa kanisa waliosajiliwa, si jina la mwenyekiti, wala la mchungaji, wala la mfadhili yeyote atakayeongeza laki moja. Mwenyekiti yuko hapa na amekubali mwenyewe. Mtu akifa, gari lililo kwa jina lake linakwenda kwenye urithi, na watoto wake hawana kosa wakilidai.

La pili ni dereva wetu. Gari hili halina kabureta; likikohoa, fundi huchomeka kompyuta. Ameogopa kwamba tutatafuta kijana. Hatutatafuta. Tunaomba mkubali alipiwe mafunzo ya wiki mbili, na kila Jumamosi apewe maji baridi ya bomba, si ya kisima cha chumvi, kuosha gari chini na ndani ya matao ya magurudumu.

Na kila mwezi, kabla ya matumizi mengine, shilingi 8,000 ziingie akaunti ya gari lijalo. Kwa mwaka ni 96,000, na kwa miaka sita 576,000. Ni chini ya nusu ya tulizotumia mwaka jana kwa viraka. Mkaguzi wetu alitaka 10,000. Wazee walisema tuanze na tunayoweza.

Daftari liko kwa mama mweka hazina, pale kwenye mkeka. Pitieni mlisome kabla hatujapiga kura. Na vijana wanne wenye nguvu wabaki baada ya maombi, maana Peugeot bado lina kazi ya kuwarudisha wazee nyumbani, na mteremko ule si mrefu sana.