Ua Linapovuka Uzio: Mhadhara wa Umma



Wengi wenu hapa Tanga mnaujua mmea nitakaouzungumzia, hata kama hamjawahi kuuliza umetoka wapi. Majani yake yana umbo la moyo, maua yake ya waridi hushuka kwa vishada, na nyuki hawabanduki juu yake. Wataalamu huuita Antigonon leptopus. Kwao ni Mexico. Upo na mwenzake mwenye maua mapana ya buluu, Thunbergia grandiflora, uliotoka India na nchi jirani zake. Yote miwili hutambaa, yote miwili hupendeza, na yote miwili haina habari na mipaka ya kiwanja chako.

Sikuja kuwakataza kupanda maua. Nimekuja kusema kwamba anayepanda mmea wa namna hii amejitwika ulinzi, na ulinzi huo huanza kabla shimo halijachimbwa.

Tuelewe kwanza mmea unaotambaa unaishije. Mwembe hutumia miaka mingi kujenga shina la kuyafikisha majani juani. Mmea unaotambaa hauna haja hiyo: huegemea shina la mwenzake, na nguvu iliyookolewa huenda kwenye majani, maua na akiba ya chini. Ukifika juu ya mwembe, huutandikia shuka la majani. Mwembe unakosa mwanga, matawi yanaelemewa, na upepo wa kusi ukivuma yanavunjika. Chini ya udongo kuna viazi. Panga kwa mmea huu ni kinyozi tu: anakata leo, mwezi ujao nywele zimerudi. Huko Queensland, Australia, viazi vya Thunbergia vikizeeka hufikia makumi ya kilo, na jimbo hilo limeuweka mmea huo kwenye orodha ya kisheria ya mimea vamizi.

Mtu ataniuliza: basi shida ni ugeni? Hapana, na Tanga ndiyo ya mwisho kusema hivyo. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya Pangani. Mkoa mzima ukajengwa juu ya miche hiyo. Mkonge ni mgeni aliyepewa jembe akalishika. Tena kwa nadra sana hutoa mbegu. Vichipukizi vyake huanguka karibu na mama, wala hakuna ndege wa kuvibeba hadi msituni.

Upande wa pili, maua yetu wenyewe yanasumbua kwa watu. Thunbergia alata, ule wenye maua ya rangi ya chungwa na jicho jeusi, ni mzawa wa Afrika Mashariki. Huku wadudu wake wapo, na mimea inayoshindana nao ipo. Huko Hawaii na Australia umetoroka bustanini. Gloriosa superba, ua jekundu lenye kingo za njano na kiazi chenye sumu kali, nalo ni la Afrika. Kwenye matuta ya mchanga ya pwani ya Australia ni gugu. Kwa hiyo nisingeuliza mmea umezaliwa wapi. Ningeuliza unatokaje uani kwangu: kwa ndege, kwa maji, kwa kipande cha shina, au kwa mkono wa jirani aliyeomba mche?

Ushahidi mkubwa hatuhitaji kuufuata mbali. Uko juu yetu, Amani, Usambara Mashariki. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha huko kituo cha utafiti wa kilimo na bustani ya mimea, wakaleta mamia ya aina kutoka pembe zote za tropiki. Nyingi zilikufa. Nyingine zilitulia pale zilipopandwa mpaka leo. Chache zikaingia msituni. Maesopsis eminii, mti ulioletwa kwa ajili ya mbao, ulisambazwa na hondohondo waliokula matunda yake, ukajaza sehemu zilizokatwa miti. Clidemia hirta, kichaka chenye majani ya manyoya, kimeota chini ya miti ya msitu huo huo. Kinachonisumbua zaidi hapa ni muda. Mmea unaweza kukaa kimya miaka mingi, aliyeupanda akafa akiamini hauna madhara, ndipo msitu ukakatwa na mmea ukapata mwanya.

Mwanya tunao hata huku chini. Kwenye kisiwa cha Sint Eustatius, Karibi, Antigonon ulienea juu ya mashamba yaliyoachwa. Nasi tunayo mashamba ya mkonge yaliyotelekezwa, magofu, na viwanja ambavyo wenyewe wako Dar es Salaam.

Sasa kazi yenyewe. Ukitaka mmea wa namna hii, usiuegemeze kwenye mwembe, mwarobaini, ukuta wa jirani wala nguzo ya umeme. Ujengee chanja yake peke yake, pande zote uweze kuzunguka na kuona. Chungu ni bora kuliko ardhi, lakini kiwekwe juu ya saruji na kiinuliwe mara kwa mara, kwani mizizi hupenya tundu la chini. Vishada vikinyauka, vikate kabla havijakomaza mbegu. Tawi linalogusa udongo likatwe siku hiyo hiyo.

Ukitaka kuuondoa, subiri mvua za kwanza za vuli zilainishe ardhi, uchimbe kwa sululu ukifuata kila mzizi hadi kwenye kiazi. Viazi vingine utavisahau, hakuna asiyevisahau. Machipukizi yakitokea yang'oe yangali madogo, tena na tena, hadi akiba ya chini iishe. Viazi na mashina usivitie kwenye shimo la mboji. Vianike juu ya bati mpaka vikauke kabisa, kisha uvichome. Na kwa walio milimani nasisitiza: msitupe matawi korongoni. Maji ya Amani hushuka kwa Mto Zigi hadi bwawa la Mabayani, yanakotoka maji ya jiji hili, na kipande cha shina husafiri nayo bila nauli.

Tunayo Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, na mamlaka iliyoundwa kwa sheria hiyo. Forodha hukagua kinachoingia nchini. Mche unaotoka kibarazani kwa shangazi kwenda kwa mpwa wake Muheza haupiti forodha yoyote.

La mwisho ni kuhama. Nyumba hupangishwa, na mpangaji mpya huona maua tu. Hajui kuna kiazi, wala hajui nani alikuwa akikata vishada. Kama hupati wa kumkabidhi kazi hiyo kwa maneno na kwa vitendo, ng'oa kabla hujafunga mizigo.