Mwaka wa Mwisho: Amana ya Mtoto wa Darasa la Saba

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi jijini Arusha)



Tumeombwa tuseme machache juu ya mwaka wa mwisho wa shule ya msingi. Huenda baadhi yetu wakaona kwamba jambo hili ni dogo. Mtoto ameingia darasa la saba, atafanya mtihani, basi yamekwisha. Lakini kwa hakika mwaka huu mmoja unabeba mzigo mkubwa kuliko miaka sita iliyoutangulia, na tunaowatwika watoto mzigo huo ni sisi watu wazima. Hivyo inatupasa tuutazame vizuri.

Maisha ya darasa hilo

Katika miezi ya Juni na Julai, baridi inaposhuka kutoka mlima Meru, hao ndio watoto wa kwanza kuonekana njiani. Utawaona Sakina, Kijenge na Unga Limited, na katika vijia vya migombani huko Tengeru na Ngaramtoni, wamevaa sweta, mabegi mgongoni, na wengine na dumu la maji mkononi. Wenzao wa madarasa ya chini bado wamelala. Wao wanawahi masomo ya asubuhi kabla ya kengele ya paredi.

Mtoto wa darasa la saba ni mkubwa wa shule. Ndiye kiranja anayesimamia usafi, ndiye anayepiga kengele, ndiye anayewapanga wadogo mistarini. Lakini akishaingia darasani ukubwa huo humwondoka, kwani ubaoni ameandikiwa siku zilizobaki. Kuna zoezi la Jumatatu, jaribio la Ijumaa, mtihani wa mwezi, mtihani wa majaribio wa wilaya na wa mkoa, na mitihani ya ujirani ambayo shule mbili au zaidi hushindanishwa. Wazazi huombwa karatasi za rimu. Shule nyingine huweka kambi, watoto wakalala hapo hapo ili wapate kusoma usiku. Siku za michezo hupungua, bustani ya darasa hukabidhiwa darasa la sita, na nyimbo husikika tena pale tu mahafali yanapokaribia.

Kisha hufika Septemba. Kwa siku mbili mtoto hukaa peke yake kwenye dawati, mbele yake ikiwa fomu ambayo atasiliba kwa penseli herufi ya jibu analoliona kuwa sahihi. Mwaka 2024 watoto walioandikishwa kufanya mtihani huo nchini walizidi milioni 1.2. Miaka saba ya kusoma hupimwa katika siku mbili.

Yaliyosemwa mwaka 1967

Sisi wakazi wa Arusha tunajivunia kwamba jina la mji wetu limo katika Azimio la mwaka 1967. Lakini mara nyingi tunasahau kwamba mwezi Machi wa mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alitoa maelezo yake ya Elimu ya Kujitegemea. Humo alifundisha kwamba elimu ya msingi iwe elimu iliyokamilika yenyewe, wala isiwe matayarisho tu ya kwenda sekondari. Alionya pia juu ya kuupa mtihani uzito unaozidi kiasi. Sababu yake ilikuwa wazi. Wakati ule walioendelea na sekondari walikuwa wachache sana, na hao wengi waliobaki wasingeweza kuhesabiwa kuwa takataka za taifa.

Leo shule za sekondari zipo karibu kila kata, na tangu mwaka 2016 elimu ya sekondari ya chini ya serikali haina ada. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa hayo. Lakini tujiulize: je, mioyo yetu imebadilika? Tulihudhuria mahafali ya shule moja ambako watoto watatu waliitwa mbele, wakapewa zawadi na kupigwa picha. Kijana mmoja aliyekuwa ametengeneza redio ya mwalimu, na ambaye ndiye aliyeunganisha spika zilizotumika siku ile, alibaki nyuma ya pazia akishika waya. Hakuitwa. Mzazi wake alipoulizwa kijana yuko wapi, alijibu, "Huyo wetu hana kitu kichwani." Na kijana alikuwa anasikia.

Ndugu zetu, neno la namna hiyo halifutiki kama chaki. Mtoto wa miaka 13 hawezi kutofautisha kati ya kushindwa swali na kushindwa maisha, isipokuwa sisi tumtofautishie.

Safari ya Mei 2017

Hatuwezi kuzungumza juu ya darasa la saba katika mkoa huu bila kukumbuka asubuhi ya Jumamosi, tarehe 6 Mei 2017. Wanafunzi wa darasa la saba wa shule ya Lucky Vincent ya hapa Arusha walikuwa safarini kwenda Karatu kufanya mtihani wa ujirani pamoja na wenzao wa shule nyingine. Ilikuwa siku ya mvua. Katika eneo la Rhotia basi lao lilitumbukia korongoni. Walifariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walitolewa wakiwa hai, wakapelekwa Marekani kutibiwa, na wakarejea nyumbani mwezi Agosti mwaka huo.

Baada ya siku mbili mji mzima ulikusanyika katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, uwanja wenye jina la mshairi na mwanachuoni aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam. Majeneza yalipangwa uwanjani. Makamu wa Rais wa wakati ule, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, aliongoza maombolezo. Waislamu na Wakristo walisimama pamoja, na hakuna aliyeuliza ni mtoto yupi aliyekuwa wa kwanza darasani na yupi wa mwisho.

Hilo ndilo tunaloomba lizingatiwe. Siku ile kila mzazi wa Arusha alijua thamani ya mtoto, na aliijua bila karatasi ya matokeo. Kwa nini basi tungoje msiba ili tujue? Watoto wale walitoka nyumbani alfajiri kwa ajili ya mtihani. Mama zao hawakukumbuka alama. Walikumbuka aliyekunywa chai na aliyeondoka bila kunywa, aliyeaga na aliyekimbilia basi.

Tufanye nini?

Kwanza, nyumbani. Mtoto anayeamka saa kumi na moja alfajiri asilale saa sita za usiku. Apate chakula kabla ya kutoka, na shuleni apate uji au makande. Mzazi asiyechanga chakula cha shule kisha akadai alama za juu, anadai mavuno katika shamba ambalo hakulipanda. Kama mtoto ana taa na meza, vema. Kama hana, basi redio izimwe na kazi za nyumbani zigawanywe kwa haki kati ya wavulana na wasichana.

Pili, mtoto wa kike. Katika mikoa kadhaa ya nchi yetu imejulikana kuwa wapo wazazi wanaomwambia binti ajifelishe makusudi ili aozwe. Huku ni kumdhulumu mtoto kwa mkono wake mwenyewe. Ijulikane kwamba tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inaweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Lakini tusingoje polisi. Binti ni amana, na amana huulizwa.

Tatu, walimu wetu. Tunajua madarasa yenu yamejaa na madaftari ya kusahihisha ni lundo. Hata hivyo, tunawaomba msiwaache wale wa dawati la nyuma. Mtoto ambaye bado anasoma kwa kusitasita mwezi Machi anaweza kusaidiwa ifikapo Septemba, iwapo hatadhihakiwa mbele ya wenzake.

Nne, lugha. Katika shule nyingi za serikali mtoto husoma kwa Kiswahili miaka saba, kisha kidato cha kwanza hukutana na masomo kwa Kiingereza. Miezi ile baina ya mtihani na Januari isipotee vijiweni na sokoni. Atafutiwe kitabu, asome kurasa mbili kila siku.

Darasa linaloondoka

Mwisho, tukumbuke kwamba darasa la saba lenyewe liko njiani kuondoka. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inaelekeza elimu ya lazima iwe ya miaka kumi, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini, na mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024. Yapo mengi mema ndani yake. Lakini mwaka wa mwisho utaendelea kuwapo, hata ukiitwa wa sita au wa kumi. Tukiondoa darasa tukabaki na ile tabia ya kuwagawa watoto mafungu mawili, wenye kitu kichwani na wasio nacho, tutakuwa tumebadilisha kibao cha mlangoni tu.

Nanyi watoto mlio mbele yetu, someni kwa bidii, kwani uvivu haukumfikisha mtu popote. Ingieni katika chumba cha mtihani mkiwa mmeshiba na mmelala. Na siku ya matokeo, yakiwa yoyote yale, rudini nyumbani. Tunawaomba wazazi wenu, hapa mbele ya wote, wawafungulie mlango.

Mwenyezi Mungu awape subira waliofiwa, awalinde watoto wetu njiani, na atujaalie tuwe wazazi wa kuaminiwa. Amin.