Mashine Bila Waya

Leo tuongee juu ya stima, lakini si bili.

Kule Loiyangalani, Marsabit, kampuni ilijenga mitambo 365 ya upepo. Mapema 2017 mitambo ilikuwa imesimama tayari. Upepo ulivuma, lakini stima haikumfikia mtu. Kwa nini? Laini ya kuileta mpaka Suswa, zaidi ya kilomita 400, kazi ya shirika la serikali la KETRACO, haikuwa imekwisha. Wenye ardhi walidai fidia kwanza, halafu mwaka huo huo kampuni ya Hispania iliyokuwa ikijenga laini ikafilisika. Laini iliwashwa Septemba 2018. Kwa kuchelewa huko, serikali ilidaiwa faini ya mabilioni ya shilingi.

Na sisi je? Tuseme kikundi kimekopa, kimenunua mashine ya posho. Mashine imefika, stima ya kuiendesha hakuna. Mwenye ploti hajaulizwa waya utapita wapi. Na mkopo unalipwa kila mwezi!

Kwa hivyo kabla ya kununua, tujiulize: Lengo letu ni kuwa na mashine, au ni kusagia watu unga tupate faida? Waya utapita kwa nani, na amekubali kwa maandishi? Fundi akitoroka, nani atamaliza kazi? Chagueni mtu mmoja afuatilie hayo, na atoe ripoti kila mkutano.

Mkirudi nyumbani, mwulizeni mwenyekiti wenu maswali haya.